Maabara ya chipu: Mahali ambapo mwanagenzi wa uhandisi hujifunza kuishuku namba

KILA mara mwananchi anapotuma pesa kwa M-Pesa, anapotia tokeni katika mita ya stima au anapowasha gari lililoundwa miaka ya hivi karibuni, anategemea vipande vya silikoni ambavyo aghalabu havizidi ukubwa wa ukucha. Vipande hivyo, viitwavyo chipu, mtumiaji havioni wala hana sababu ya kuvifikiria. Hata hivyo, kabla ya chipu kufika dukani ikiwa ndani ya simu au mita, sharti ithibitishwe kwamba inafanya kazi iliyokusudiwa. Uthibitisho huo ndio shughuli ya maabara ya kupima saketi za semikondakta.

Wanafunzi wengi wa uhandisi wa umeme na elektroniki, wakiulizwa wangependa kupata mafunzo ya nyanjani wapi, hutaja ofisi za kubuni mitambo au kampuni za mawasiliano. Kupima huonekana kuwa kazi ya pembeni, kazi ya kushika waya na kujaza jedwali. Dhana hiyo haina msingi. Katika maabara ya kupima, mwanafunzi hufunzwa jambo ambalo darasa haliwezi kumpa kikamilifu: tofauti kati ya kusoma namba kwenye kioo cha kifaa na kujua kwamba namba hiyo ni ya kweli. Mhandisi asiyeijua tofauti hiyo ni hatari kwa umma, hata akiwa na shahada ya daraja la kwanza.

Suala hili lina uzito zaidi nchini sasa kwa kuwa Kenya imeanza kubisha hodi katika sekta ya chipu. Ndiposa inafaa kueleza bayana kazi inayofanywa katika maabara hizo, na kile ambacho mwanagenzi anapaswa kutoka nacho muda wake unapokamilika.

Chipu hutoka wapi?

Semikondakta ni maada ambayo uwezo wake wa kupitisha umeme uko kati ya ule wa metali, kama vile shaba, na ule wa vihami, kama vile kioo. Silikoni ndiyo maada maarufu zaidi ya aina hii. Ikichanganywa na kiasi kidogo mno cha elementi nyingine, yaweza kufanywa ipitishe au izuie mkondo wa umeme kwa namna inayodhibitiwa. Sifa hiyo ndiyo iliyowezesha kuundwa kwa transista katika maabara za Bell nchini Marekani mnamo 1947. Miaka 11 baadaye, mnamo 1958, Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha kuwa sehemu kadhaa za saketi zinaweza kuundwa pamoja juu ya kipande kimoja. Leo hii chipu moja ya kompyuta hubeba mabilioni ya transista.

Chipu haziundwi mojamoja. Huundwa kwa mamia au maelfu juu ya sahani nyembamba ya silikoni, ambayo kipenyo chake katika viwanda vikubwa vya kisasa ni milimita 300. Sahani hupitia mamia ya hatua za kupakwa kemikali, kumulikwa, kuchomwa na kusafishwa. Chembe moja ya vumbi ikitua pasipofaa, chipu iliyo chini yake huharibika. Kwa hivyo, hata kiwanda bora hakitarajii kila chipu katika sahani iwe nzima. Sahani yenye chipu 1,000 ikitoa 920 zilizo nzima, wahandisi husema mavuno yake ni asilimia 92. Neno hilo mavuno limeazimwa kutoka shambani, na linafaa, kwani kama mkulima, mwenye kiwanda huvuna alichojaliwa kisha huchambua.

Uchambuzi hufanyika angalau mara mbili. Mara ya kwanza ni chipu zikiwa bado juu ya sahani, ambapo sindano nyembamba kuliko unywele hushushwa na kugusa vituo vidogo vya metali vilivyo kwenye kila chipu. Mara ya pili ni baada ya chipu kukatwa, kufungashwa katika ganda lake jeusi na kuwekewa miguu ya metali, ambayo mafundi huiita pini. Mkulima wa parachichi anaelewa mantiki hii vyema. Tunda lililooza huondolewa shambani kabla ya kugharamiwa katoni na nauli, kisha hukaguliwa tena kabla ya kupakiwa melini.

Wahandisi wana kanuni ya kukadiria gharama ya uzembe. Kasoro ambayo ingegharimu shilingi moja kugunduliwa kwenye sahani, hugharimu takriban shilingi 10 baada ya chipu kufungashwa, 100 ikishaunganishwa kwenye kifaa, na 1,000 kifaa kikishafika mikononi mwa mteja. Si hesabu ya senti kwa senti, lakini mwelekeo wake hauna ubishi. Kasoro inayosafiri huongeza gharama njiani.

Adui asiyeonekana

Mwanagenzi akiripoti kazini kwa mara ya kwanza, hapewi chipu. Hupewa koti, viatu maalumu na kamba ya mkononi yenye waya unaomuunganisha na ardhi. Wapo wanaoiona kamba hiyo kuwa urasimu mtupu. Kumbe ndiyo somo la kwanza.

Mwili wa binadamu hukusanya umeme tuli anapotembea au anapovua sweta, hasa katika hewa kavu. Kwa kawaida mtu huanza kuhisi mshtuko wa umeme huo unapofikia takriban volti 3,000. Ilhali zipo chipu zinazoweza kudhurika kwa volti zisizofika 100. Hii ina maana kwamba mtu aweza kuiua chipu kwa kidole chake asihisi lolote. La kutisha zaidi ni kwamba chipu yaweza kujeruhiwa tu bila kufa. Itafaulu majaribio yote leo, kisha izimike miezi sita baadaye ikiwa ndani ya mtambo wa hospitali.

Kamba yenyewe ina funzo la usalama ndani yake. Haimuunganishi mvaaji na ardhi moja kwa moja, bali kupitia kikinza cha omu milioni moja. Sababu ni kwamba, iwapo mvaaji atagusa kwa bahati mbaya waya wa stima ya nyumbani yenye volti 240, mkondo utakaopita mwilini mwake kuelekea kwenye kamba utakuwa miliampea 0.24 pekee, kiwango kisichoweza kumuua. Umeme tuli nao hupata njia ya kutoka polepole. Hesabu hiyo ni ya kanuni ya Ohm, ambayo mwanafunzi aliifahamu tangu shule ya upili. Tofauti ni kwamba sasa kanuni hiyo imefungwa kwenye mkono wake.

Kipimo cha kwanza

Chipu ikishatiwa katika soketi ya mtambo wa kupima, swali la kwanza si kama inakokotoa sawasawa. Swali la kwanza ni kama imeunganishwa. Karibu kila pini ya chipu huwa na dayodi ndogo za kuilinda, na wapimaji huzitumia dayodi hizo kwa werevu. Mtambo husukuma mkondo mdogo sana, tuseme mikroampea 100, kupitia pini moja, kisha husoma volteji inayotokea.

Dayodi ya silikoni ikiwa nzima, jibu huwa takriban volti 0.6 au 0.7. Jibu likiwa sufuri au karibu yake, pini hiyo imegusana na nyingine au na ardhi. Jibu likipanda hadi kikomo kilichowekwa na mtambo, basi hakuna njia ya mkondo kupita: waya umekatika au pini haijagusa soketi. Jaribio hili huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, na huokoa muda wa kupima chipu ambayo haikuunganishwa tangu mwanzo.

Baada ya hapo ndipo hufuata majaribio mengine: mkondo unaovuja chipu ikiwa imetulia, kiasi cha umeme inachotumia ikiwa kazini, iwapo inatoa majibu sahihi kwa mfululizo wa maswali, na kasi yake. Chipu zinazokusudiwa magari hupimwa pia katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri na katika joto linalofika nyuzi 125 za Selsiasi au zaidi, kwa sababu gari huuzwa Norway na pia Lodwar.

Namba inayodanganya

Hapa ndipo penye kiini cha mafunzo. Chukua mfano wa kikinza cha omu 0.1, ambacho ni kidogo sana. Mwanafunzi akikipima kwa multimita ya kawaida yenye nyaya mbili, na kila waya una ukinzani wa omu 0.2, kioo kitasoma omu 0.5. Kifaa hakijaharibika. Kimepima kwa uaminifu kila kitu kilichowekwa mbele yake, yaani kikinza pamoja na nyaya zote mbili. Kosa ni la mtu aliyedhani anapima kikinza peke yake, na ni kosa la mara tano.

Dawa yake ni kutumia nyaya nne. Jozi ya kwanza hupeleka mkondo, tuseme miliampea 100. Jozi ya pili huguswa pembeni kabisa mwa kikinza na kusoma volteji. Kwa kuwa karibu hakuna mkondo unaopita katika jozi hii ya pili, ukinzani wa nyaya zake hauleti tofauti. Kifaa kitasoma milivolti 10, na ukigawanya kwa miliampea 100 unapata omu 0.1, ambayo ndiyo kweli. Mbinu hii hupewa jina la Kelvin, mwanasayansi wa karne ya 19, na hutumika kila siku katika maabara za chipu, kwani mkondo mkubwa ukipita katika soketi chakavu huweza kuifanya chipu nzima ionekane mbovu.

Mfanyabiashara wa sokoni anayepima mahindi kwa gorogoro lililobonyezwa chini hujua anachokifanya. Mhandisi anayetumia kifaa asichokielewa hufanya vivyo hivyo bila kujua, na aghalabu huandika matokeo yake hadi tarakimu tatu baada ya nukta. Wingi wa tarakimu si ushahidi wa usahihi.

Ndiyo maana msimamizi mzuri humpa mwanagenzi zoezi linaloonekana la kipuuzi: kuipima chipu ileile mara 30. Achomeke, apime, aichomoe, airudishe, apime tena. Chipu haijabadilika, lakini namba zitabadilika. Sasa mwanafunzi hulazimika kujiuliza chanzo cha mabadiliko hayo. Je, ni uchafu kwenye miguu ya soketi? Ni joto la chumba lililopanda alasiri? Ni kifaa ambacho hakijapata joto lake la kawaida tangu kiwashwe? Akishamaliza, mwenzake hurudia zoezi hilohilo kwenye mtambo mwingine. Majibu yao yakitofautiana kuliko chipu nzima inavyotofautiana na mbovu, basi hakuna kinachopimwa hapo. Ni bahati nasibu.

Kwa sababu hiyo, maabara makini huhifadhi chipu za rejea, ambazo tabia zake zinajulikana vyema. Kabla ya kazi kuanza asubuhi, chipu hizo hupimwa kwanza. Zikitoa jibu tofauti na la jana, mtambo ndio unaoshukiwa. Vifaa vyenyewe hulinganishwa mara kwa mara na vingine vilivyo sahihi zaidi, na hivyo navyo hulinganishwa na vya kitaifa. Humu nchini, jukumu la kutunza vipimo vya kitaifa ni la Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS. Mnyororo huo ndio unaofanya volti ya Nairobi iwe sawa na volti ya Tokyo.

Makosa ya aina mbili

Mpimaji aweza kukosea kwa njia mbili. Aweza kuitupa chipu nzima, na hapo anayeumia ni mwenye kiwanda. Aweza pia kuipitisha chipu mbovu, na hapo anayeumia ni mteja, pengine akiwa kwenye barabara kuu gari likikataa kushika breki. Makosa haya mawili huvutana kama kamba: ukipunguza moja pasipo kuboresha kipimo, unaongeza jingine.

Tuseme sheria ya chipu fulani ni kwamba mkondo unaovuja usizidi mikroampea 10, na mtambo waweza kukosea kwa mikroampea 0.3. Chipu iliyosomwa 9.9 yaweza kuwa kweli ni 10.2. Mpimaji mwangalifu huweka kikomo chake kwenye 9.7, na kuzikataa zote zilizozidi hapo. Bila shaka atatupa baadhi ya chipu nzima. Hiyo ndiyo bei ya kutokuwa na kifaa bora, na ni heri ailipe mwenye kifaa kuliko mteja asiyejua lolote.

Kuna pia suala la muda. Iwapo kiwanda hupima chipu 100,000 kwa mwezi, na mwanagenzi akagundua njia ya kupunguza sekunde moja katika programu ya kupima, ameokoa sekunde 100,000, ambazo ni zaidi ya saa 27 za mtambo ghali. Hapo ndipo vijana wenye ujuzi wa kuandika programu hung'aa. Lakini hapo pia ndipo pana mtego. Sekunde hiyo yaweza kupatikana kwa kupanga majaribio vizuri, au kwa kumwondolea mtambo muda wa kutulia kabla ya kusoma. Njia ya kwanza ni uhandisi. Ya pili ni kuiba usahihi na kuuita ufanisi.

Kipimo nacho kina mipaka

Itakuwa makosa kudhani kwamba maabara ya kupima hugundua kila aibu. Mnamo 1994, Profesa Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg katika jimbo la Virginia, Marekani, aligundua kuwa kompyuta yake yenye chipu ya Pentium ilitoa majibu yasiyo sahihi katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Uchunguzi ulionyesha kwamba jedwali lililomo ndani ya chipu hiyo lilikosa namba tano. Kampuni ya Intel ilikubali kubadilisha chipu hizo, na ikatenga dola milioni 475 za Marekani kugharamia hasara hiyo.

Chipu hizo hazikuwa zimeharibika kiwandani. Zilitoka jinsi zilivyochorwa. Kasoro ilikuwa katika mchoro. Kuna basi maswali mawili ambayo mwanafunzi hapaswi kuyachanganya. La kwanza ni kama tulichobuni ni sahihi. La pili ni kama kilichoundwa kinalingana na kilichobuniwa. Maabara ya uzalishaji hujibu swali la pili. Swali la kwanza lazima lijibiwe mapema, kwa majaribio ya kina ya kompyuta na ya chipu chache za mwanzo. Mwanagenzi aliyepitia maabara ya kupima hurejea darasani akiwa mbunifu bora, maadamu ameona kwa macho yake jinsi mchoro wa karatasini unavyopambana na joto, kelele za umeme na soketi chafu. Hujifunza kujiuliza tangu mwanzo: kitu hiki kitapimwaje?

Nafasi ya Kenya

Haya yote yangekuwa hadithi za mbali kama si hatua zilizochukuliwa nchini katika miaka ya hivi majuzi. Mjini Nyeri, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejikita katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mnamo Mei 2024, wakati wa ziara rasmi ya Rais William Ruto mjini Washington, serikali ya Marekani ya wakati huo ilitangaza nia ya kuishirikisha Kenya katika hazina iliyoundwa chini ya sheria ya chipu ya 2022. Tangazo lilikuja baada ya dunia kuonja makali ya uhaba wa chipu wa 2020 na 2021, ambapo viwanda vya magari vililazimika kusimamisha kazi kwa kukosa vipande vya bei ndogo.

Ahadi za serikali hubadilika na upepo wa siasa. Ujuzi haubadiliki hivyo. Kiwanda cha kisasa cha kuunda chipu hugharimu mabilioni ya dola, fedha ambazo Kenya haina. Lakini si lazima kuingia nyumba kwa mlango wa mbele. Malaysia iliingia kwa mlango wa kufungasha na kupima. Intel ilifungua kiwanda chake huko Penang mnamo 1972, kikiwa cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Marekani, kwa kazi ya kuunganisha chipu. Miaka hamsini baadaye, Penang ni miongoni mwa vituo vikuu vya kazi hiyo ulimwenguni, na wahandisi wake wamepanda ngazi hadi kubuni. Kilichowapandisha ni mikono iliyozoea vipimo vya kuaminika, mwaka baada ya mwaka.

Wajibu wa kila upande

Mafunzo ya nyanjani humu nchini aghalabu huchukua majuma manane hadi kumi na mawili. Ni muda mfupi, na kwa familia nyingi ni muda wa gharama, kwa kuwa wanafunzi wengi hawalipwi ilhali hujitafutia nauli, chakula na pango. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe akae mjini miezi mitatu ana haki ya kuuliza alichojifunza. Jibu likiwa ni kupeleka faili na kuchemsha chai, basi wote wameibiwa.

Mwajiri anayempokea mwanagenzi anapaswa kumpa kazi yenye mwanzo na mwisho: jaribio moja la kulielewa, kulipima, kuliboresha na kuliandikia ripoti. Sio lazima iwe kazi kubwa. Kuchunguza kwa nini soketi moja hukataa chipu nyingi kuliko jirani yake kwaweza kumfunza kijana takwimu, umeme na subira kwa pamoja.

Vyuo vikuu navyo visingojee mitambo ya mamilioni ya dola. Misingi yote iliyoelezwa hapa hufundishika kwa multimita, oskiloskopu, chanzo cha umeme kinachodhibitiwa na chipu za bei ya chai dukani. Mwanafunzi aweza kupima dayodi za pini, kulinganisha nyaya mbili na nne, na kurudia kipimo mara 30 katika maabara yoyote yenye stima. Mhadhiri anayemtembelea nyanjani asiridhike kuona daftari lililopigwa mhuri. Amuulize: namba hii uliipataje, na ungejuaje kama si ya kweli?

Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ambayo husimamia mafunzo ya aina hii, na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ambayo humtaka mhitimu kupata tajriba ya kazi kabla ya kumsajili kuwa mhandisi kamili, zina sababu ya kujali jambo hili. Tajriba isiyo na vipimo vya kuaminika ni miaka tu iliyopita.

Mwanafunzi mwenyewe ana mzigo mkubwa zaidi. Aandike katika daftari lake tarehe, kifaa alichotumia, joto la chumba na kila alichokisoma, ikiwemo namba asiyoielewa. Asiifute kwa kuwa inaharibu mchoro wake. Namba hiyo ngeni yaweza kuwa ndiyo habari pekee ya maana katika ukurasa mzima. Aidha, aheshimu siri za kampuni: asipige picha za mitambo wala asipeleke ripoti chuoni kabla ya kuidhinishwa na msimamizi wake. Na akiambiwa na mkubwa wake apitishe kundi la chipu ambalo vipimo vinalikataa, aombe agizo hilo liandikwe. Mara nyingi ombi hilo pekee hutosha kulirejesha kundi mezani.

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya chipu, kizuri na kibaya huvaa ganda moja jeusi, huwa na maandishi mamoja na huuzwa katika kasha moja. Kinachovitenganisha ni kipimo, na nyuma ya kipimo kuna mtu. Iwapo Kenya inataka chipu zake ziaminike nje, haina budi kuanza na vijana wake katika maabara, na kuwafunza kwamba namba huandikwa jinsi ilivyo, baada ya kuulizwa vya kutosha.